Umri wa Kuta na Umri wa Kusanyiko: Kanisa la Shirati katika Historia ya Tarime

Katika vijiji vingi vya Uingereza, kanisa la mawe lililojengwa katika Zama za Kati ndilo jengo kongwe kuliko yote. Mwanahistoria huisoma historia ya kijiji katika kuta zake: nguzo za karne moja, madirisha ya karne nyingine, makaburi uani. Makala haya yanahoji iwapo kipimo hicho cha umri wa kuta kinafaa kutathmini makanisa ya Mara. Mfano unaotumika ni Shirati, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Tarime hadi Wilaya ya Rorya ilipoundwa mwaka 2007.

Wamisionari Wamennonite kutoka Pennsylvania, Marekani, wakiongozwa na Elam Stauffer, walifungua kituo chao cha kwanza Shirati mwaka 1934. Baadaye vilifuata vituo vingine, kikiwamo Nyabasi kwa Wakurya. Ikumbukwe kwamba Wamennonite wametokana na vuguvugu lililoanza Zürich mwaka 1525, ambalo lilipinga ubatizo wa watoto wachanga. Katika parokia ya Zama za Kati, mtu alihesabiwa kuwa muumini kwa kuzaliwa kijijini. Kwa Wamennonite, mtu huingia kanisani kwa kuamua mwenyewe akiwa mtu mzima. Kwa msingi huo, kanisa ni kusanyiko kwanza, jengo baadaye.

Tukio kubwa la Shirati linathibitisha hoja hii. Mwaka 1942 uamsho uliokuwa umeenea Afrika Mashariki kutoka Rwanda ulifika hapo. Wamisionari na wenyeji waliungama makosa yao mbele ya wenzao, na ukuta wa utengano baina yao ukaanza kubomoka. Mwaka 1967, Zedekia Kisare, Mjaluo aliyekuwa miongoni mwa waumini wa mwanzo wa Shirati, alisimikwa kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania. Mabadiliko hayo hayasomeki katika tofali wala bati. Yamo katika masimulizi ya wazee, barua na vitabu vya ubatizo.

Hapa ndipo penye hatari. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1886. Shirati ilianza miaka 48 baada ya mpaka huo, hivyo inabaki nje ya ulinzi huo isipokuwa kwa tangazo maalumu. Lakini hata tangazo hilo lingehifadhi kuta tu, ilhali wazee waliousikia uamsho kwa walioushuhudia wanazidi kupungua.

Makala haya yanahitimisha kwamba, kwa makanisa ya Tarime na Rorya, kukusanya masimulizi ni kazi ya uhifadhi sawa na kukarabati paa, tena ndiyo yenye haraka zaidi. Paa likivuja laweza kuezekwa upya. Mzee akifariki kabla hajahojiwa, hakuna fundi wa kurudisha alichokijua.