Upimaji wa mapendeleo ya wapiga kambi

Upimaji wa mapendeleo ya wapiga kambi ni tawi la utafiti wa burudani za nje. Huchunguza kambi za hifadhi na misitu ya umma ziendelezwe hadi kiwango gani kwa maoni ya wanaolala humo: choo cha shimo au cha kuvuta maji, kisima au bomba, njia ya miguu au lami, giza au taa za umeme. Tawi hili lilikulia Marekani.

Uendelezaji wenyewe haukuanza kwa nia ya kumfurahisha mgeni. Magari yalipofurika misituni katika miaka ya 1920, yaliegeshwa popote, udongo ukashindiliwa na miti ikadhoofika mizizi. E. P. Meinecke, mtaalamu wa magonjwa ya mimea wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, alitoa mwongozo wake mwaka 1932: barabara ya mzunguko yenye kwenda upande mmoja, maegesho yaliyozuiwa kwa magogo au mawe, na meza na jiko visivyohamishika. Mpango huo ulienea nchini kote, hata watoto waliozaliwa baadaye wakakua wakiiona meza ya mbao kuwa sehemu ya pori. Mtafiti anayeuliza watu wanapenda nini lazima alizingatie hilo, kwa sababu wengi hupenda walichokizoea.

Baada ya Vita Kuu ya Pili wageni waliongezeka kuliko nafasi. Mwaka 1958 Bunge la Marekani liliunda tume ya kuchunguza burudani za nje chini ya Laurance Rockefeller, nayo ikatoa ripoti mwaka 1962. Tafiti za wageni zikashamiri. Robert Lucas, kwa mfano, aliwahoji wageni wa maziwa ya kaskazini mwa Minnesota, na mwaka 1964 akaeleza kwamba waliopiga makasia na waliotumia mashua za injini hawakuona pori lile lile. Wa makasia walikerwa na injini. Wa injini hawakuwa na neno na mitumbwi. Ziwa lilikuwa moja, lakini mipaka ya pori ilitofautiana kwa kila kundi.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kazi hii. Dodoso la kawaida huorodhesha huduma na kumtaka mgeni aweke alama kutoka 1 hadi 5 kwa kila moja, kisha mtafiti hutafuta wastani. Wastani huo unaweza kudanganya vibaya. Nusu ya wageni wakitaka bafu la maji moto na nusu wasitake hata bomba, wastani utaangukia 3, na meneja atajenga kambi ya katikati isiyomridhisha yeyote. Mwaka 1969 Elwood Shafer wa Idara ya Misitu ya Marekani alichapisha utafiti ambao jina lake lilitosha kuwa hoja: Mpiga Kambi wa Wastani Ambaye Hayupo. Ulistahili kusomwa na kila mwenye mamlaka ya kuidhinisha ujenzi, maana choo kikishajengwa hakibomolewi kirahisi.

Mwaka 1971 Roger Clark, John Hendee na Frederick Campbell walilinganisha wapiga kambi na mameneja wao huko kaskazini-magharibi mwa Marekani. Wengi waliolala kwenye kambi zilizoendelezwa sana, zenye majirani tele, waliona bado wanapata yale ambayo upigaji kambi umeahidi tangu zamani, ikiwemo kuwa karibu na maumbile. Mameneja waliona matatizo mengi kuliko wageni. Kwa hiyo meneja aliyeishi msituni miaka mingi hawezi kujibu dodoso kwa niaba ya wageni wake.

Jibu la kiutawala lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati Clark na George Stankey kwa upande mmoja, na B. L. Driver na Perry Brown kwa upande mwingine, walipopendekeza mpangilio wa fursa kuanzia pori tupu hadi mazingira ya mjini. Badala ya kutafuta kambi moja bora, hifadhi hupanga aina kadhaa na kumwachia mgeni achague.

Kasoro kubwa iliyobaki ni ya sampuli. Anayehojiwa kambini ni yule aliyekuja. Aliyekuwa akija kwa ajili ya utulivu, akahama baada ya umeme kuwekwa, hayumo kwenye hesabu. Hivyo kila upanuzi huonekana kupendwa na waliopo. Ndiyo maana utafiti wa kaya, unaowafikia hata wasiokwenda kambini, una thamani kubwa ingawa ni ghali.

Mbinu nyingine ni kadi za uchaguzi. Mgeni huonyeshwa, tuseme, Kambi A yenye choo cha shimo, kisima umbali wa mita 200, majirani 5 na ada ya dola 15. Kisha huonyeshwa Kambi B yenye bafu la maji moto, umeme, majirani 40 na ada ya dola 35. Anachagua moja, au anasema asingekuja. Kadi hubadilishwa mara kadhaa, na kutokana na machaguo hayo mtafiti hukokotoa mgeni yuko tayari kuacha nini ili apate nini. Orodha ya huduma haiwezi kumpa jibu hilo, kwa sababu kwenye orodha kila kitu ni bure.

Hifadhi za Tanzania zina mfano mzuri wa swali hili la mgeni kuacha nini ili apate nini. Kambi ya umma ina vyoo na maji na hukaliwa na makundi mengi. Kambi maalumu kwa kawaida haina kitu, hutengewa kundi moja, na ada yake ni kubwa zaidi. Watu hulipa zaidi ili wapate huduma pungufu. Ada peke yake haionyeshi kama wanalipia upweke, mahali kambi ilipo, au hadhi ya kutengewa eneo lao wenyewe. Kuyatenganisha hayo matatu kunahitaji kadi zinazobadilisha jambo moja huku mengine yakibaki vilevile, nazo zijazwe pia na Watanzania wanaolipa ada ya wenyeji, si wageni wa kampuni za utalii peke yao.