Kofia ya chui na nyimbo za chama: Mobutu alivyotawala kwa maonyesho

Mobutu Sese Seko alichukua utawala tarehe 24 Novemba 1965 kwa nguvu ya jeshi. Lakini kama alikaa zaidi ya miaka 31, ni pia kwa sababu alijua kujionyesha mbele ya raia.

Mavazi: Kofia ya ngozi ya chui na fimbo ya kuchongwa zilimfanya aonekane kama chifu wa zamani. Katika nchi ya Balega, hapa Pangi, chui ni alama ya wakubwa wa Bwami. Cheo hicho mtu anakipanda ngazi kwa ngazi, akifundishwa na kukubaliwa na wenzake. Mobutu alijivika alama yeye mwenyewe. Suti na tai zikakatazwa, wakubwa wakavaa abakosti. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaïre; mwaka 1972 raia wakaamriwa kuacha majina ya Kikristo.

Maneno: Kwenye mikutano alisema Lingala, akauliza, na watu wakajibu kwa sauti moja: nchi moja, chama kimoja, kiongozi mmoja. Mtu anayejibu pamoja na umati hapati nafasi ya kuuliza swali lake.

Ngoma: Hii iliitwa animasyo politiki. Wafanyakazi na wanafunzi ilikuwa sherti waimbe na kucheza kumsifu kiongozi. Kwenye televisheni ya taifa, habari zilianza na sura yake ikishuka kutoka mawinguni.

Na kazi je? Kalima iliishi kwa kasiteriti. Mwaka 1976 makampuni ya madini ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa Sominki. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani kote, na nyimbo za chama hazikuweza kuiinua.

Tarehe 24 Aprili 1990, kule N'Sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, machozi machoni. Machozi yaligusa watu, ila yeye hakuondoka: alibaki mpaka Mei 1997, waasi wa AFDL walipokaribia Kinshasa.

Siku hizi, kila kampeni inaleta tena fulana na muziki. Kucheza si vibaya. Kisha ngoma, msikilizaji, muulize mgombea mambo matatu: atafanya nini, kwa franga zipi, na akishindwa, ni nani ataweza kumwondoa?