Kutu isiyoonekana ndiyo hatari kwa breki za magari Pwani

MAGARI yanayotumika katika ukanda wa pwani, kuanzia Mtwapa na Kilifi hadi Watamu na Malindi, hukabiliwa na adui asiyepumzika. Adui huyo ni kutu, nayo huletwa na pepo za kusi na kaskazi zinazopeperusha matone madogo mno ya maji ya bahari na kuyatua juu ya vyuma.

Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji pamoja na oksijeni iliyo hewani. Chumvi huharakisha kitendo hicho kwa sababu maji yaliyo na chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, na kutu huhitaji mkondo huo mdogo wa umeme ili ienee. Aidha, chumvi hufyonza unyevu kutoka hewani, hivyo chuma kilichofunikwa nayo hubaki na umajimaji hata siku isiyo na mvua.

Hali huwa mbaya zaidi kwa magari yanayoingia ufuoni kubeba samaki, na kwa malori yanayobeba chumvi kutoka mashamba ya Gongoni na Marereni, kaskazini mwa Malindi.

Madereva wengi hushtuka asubuhi wanapoona diski za breki zimegeuka rangi ya kahawia. Kutu hiyo nyepesi haina madhara makubwa, kwani pedi huikwangua dereva anapokanyaga breki mara chache za kwanza. Gari likiegeshwa kwa majuma mengi, hata hivyo, kutu huila diski na kuacha vishimo. Hapo pedi huisha upesi na gari hutetemeka linapopunguza mwendo. Diski ya aina hiyo huchongwa upya kwa mashine, au hubadilishwa iwapo imekuwa nyembamba kupita kipimo kilichowekwa na mtengenezaji.

Hatari kubwa imejificha kwingine. Kwanza ni paipu nyembamba za chuma zinazopita chini ya gari zikipeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu. Zikiliwa na kutu, huweza kupasuka ghafla dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Magari ya kisasa huwa na njia mbili za mafuta ili moja ikiharibika nyingine isalie, lakini gari huchukua mwendo mrefu zaidi kabla ya kusimama.

Pili ni pini za kalipa, yaani kile kibanio kinachosukuma pedi. Zikishika kutu, pedi hung'ang'ania diski au hukosa kuibana ipasavyo, na gari huvuta upande mmoja.

Tatu ni kutu ya ndani. Mafuta ya breki hufyonza unyevu kadiri muda unavyopita, na maji hayo huozesha paipu na mitungi kutoka ndani. Vilevile hupunguza uwezo wa mafuta kustahimili joto. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishafyonza maji kufikia takriban asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 140.

Tatizo hili si la Pwani pekee. Nchini Marekani, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, idara ya usalama barabarani ilitoa tahadhari mnamo Aprili 2015 kuhusu paipu za breki zinazooza, ikiwahimiza wenye magari kuosha sehemu ya chini na kuikagua.

Ushauri huo unafaa Malindi na Kilifi. Sehemu ya chini ya gari ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi angalau mara moja kwa juma, na siku iyo hiyo gari linapotoka ufuoni. Maji ya visima vingi vya karibu na bahari yana chumvi na hayafai. Baada ya kuosha, gari liendeshwe kidogo huku breki zikikanyagwa polepole ili zikauke.

Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, na pini zipakwe grisi maalumu ya breki. Oili chafu ambayo baadhi ya watu hupaka chini ya gari isiguse kamwe diski, pedi wala mipira ya breki. Gari linaloegeshwa kwa muda mrefu lizuiwe kwa gia na vigingi, kwani breki ya mkono huweza kuganda.

Magari ya uchukuzi wa umma hukaguliwa kila mwaka kwa mujibu wa sheria. Hata hivyo, chumvi hufanya kazi kila siku, na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humtwika mwenye gari wajibu wa kulitunza ili lisihatarishe maisha. Anayelipeleka kwa fundi na amwombe alipandishe kwa jeki, akague paipu zote, badala ya kutazama diski peke yake.