Gia Ni za Wazee

Fundi wangu wa Githurai ameshanipa bei: shilingi 18,000, anitolee gia 21 za baiskeli yangu ya mlima aniwekee mfumo wa kisasa, sahani moja mbele na gia kumi nyuma. Baiskeli yenyewe ni mtumba, niliinunua 22,000. Hizo 18 ninazo, lakini ni kodi ya mwezi ujao. Kwa hivyo kabla sijamjibu, nimeketi nikasoma hizi gia zilitoka wapi.

Vita vyake vya mapema vilipiganwa Ufaransa. Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyejulikana kama Vélocio, alizipigia debe katika gazeti lake, Le Cycliste. Upande wa pili alikuwa Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France ya 1903, aliyeshikilia kwamba gia ni za watu waliopita miaka 45. Kijana apande kwa misuli! Basi Tour ikawakatalia waendeshaji wake wakuu mashine ya kuhamisha cheni hadi 1937, mwaka mmoja baada ya Desgrange kuachia usukani. Roger Lapébie akashinda mwaka huohuo akiwa nayo. Kabla ya hapo, gurudumu la nyuma lilikuwa na meno pande zote mbili. Ukifika chini ya mlima unashuka, unalifungua, unaligeuza, unapanda tena. Hebu fikiria, katikati ya mashindano.

(Black Mamba nayo ilibeba maziwa, makaa na abiria wa boda boda wa Busia kwa gia moja tu. Desgrange angeipenda.)

Lakini kilichonisaidia zaidi ni 1978. Zamani friwili iliskrubiwa kwenye kitovu cha gurudumu, na beringi ya upande wa kulia ikabaki ndani, mbali na fremu. Ukiongeza gia, ekseli inaning'inia zaidi, na mzigo ukizidi inapinda. Mwaka huo Shimano ya Japani ilileta kitovu chenye friwili ndani yake, beringi ikasogezwa nje, na meno yakaja peke yake kama kaseti. Baiskeli yangu bado ni ya mtindo wa zamani. Kaseti ya gia kumi haiingii hapo, kwa hivyo sehemu kubwa ya ile 18,000 ni gurudumu jipya. Fundi hakulitaja hilo mpaka nilipomuuliza.

Sahani moja mbele nayo ni fasheni ya juzi. SRAM ilitoa XX1 mwaka 2012, na leo wasee wa Karura wanakuangalia vibaya ukiwa na tatu.

Sasa hesabu. Mfumo wa fundi una meno 32 mbele na 42 nyuma kwa gia nyepesi kabisa: 0.76. Mimi nina sahani ndogo ya meno 24. Nikiweka friwili ya gia saba yenye meno 14 hadi 34, napata 0.71. Yangu ni nyepesi zaidi mlimani! Kwa kasi, 42 kwa 14 ni 3.0, yake, 32 kwa 11, ni 2.9. Friwili hiyo na cheni mpya hazifiki 3,000.

Kwenye mawe cheni yangu itaruka kuliko yake, hilo nakubali. Lakini mimi mawe nakutana nayo Jumapili tu.

Jumamosi nampelekea 3,000. Hatafurahi.