Asili ya Mafunzo ya Useremala

Wazee wetu na wanachama, haifai tusahau walikotoka mafundi wetu. Mwaka 1875 wamisheni wa C.M.S. waliweka makao ya watu waliookolewa utumwani huko Freretown, karibu na Mombasa, na vijana wakafundishwa useremala. Mwaka 1924 Serikali ya kikoloni ikafungua chuo cha ufundi Kabete. Tangu hapo kazi haijabadili mlango wake: mwanagenzi huanza kwa kunoa patasi na kupiga randa, ndipo akabidhiwe dirisha la kuunga. Lakini amalizapo, ujuzi anao, vyombo hana. Basi tumlipiapo kijana karo, tumwekee na akiba ya msumeno, randa na nyundo. Fundi asiye na vyombo hubaki kibarua.