Mizani Iliyo Kwenye Nyuzi: Mwenda Jean Bosco, Mbaraka Mwinshehe na Historia ya Wimbo wa Gitaa wa Kiswahili

Utangulizi

Wimbo wa dansi wa Kiswahili umeingia katika uhakiki wa fasihi hasa kupitia mlango wa maneno. Maneno yake hunakiliwa kutoka kwenye santuri au kanda, hupangwa beti kwa beti, kisha huchambuliwa dhamira, tamathali na muktadha wake. Manufaa ya kazi hiyo hayapingiki. Hata hivyo, mshororo uliong'olewa kwenye wimbo na kuwekwa peke yake ukurasani mara nyingi huonekana kuchechemea: mizani hailingani, vina huja na kutoweka, na sentensi hukatika kabla ya kutimia. Msomaji aliyefunzwa kwa kanuni za Kaluta Amri Abedi katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954) anaweza kuhitimisha kwamba watunzi wa nyimbo hizo hawakuimudu sanaa ya ushairi.

Makala haya yanadai kwamba mizani ya nyimbo hizo ipo, ila imewekwa kwenye nyuzi za gitaa badala ya kuwekwa katika hesabu ya silabi. Dai hilo linafafanuliwa kupitia wapiga gitaa wawili: Mwenda Jean Bosco wa Katanga (1930–1990) na Mbaraka Mwinshehe Mwaruka wa Morogoro (1944–1979). Wote wawili waliimba na kupiga gitaa, hivyo sauti na nyuzi ziliongozwa na akili moja. Ubingwa wao umesifiwa kwa miaka mingi. Hapa linaulizwa swali la nini hasa kinachoufanya kuwa ubingwa.

Katanga: gitaa moja, kazi tatu

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, miji ya migodi ya Katanga iliwakusanya wafanyakazi wa makabila na lugha nyingi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kazini na mitaani. Mwenda alikulia katika mazingira hayo. Alikuwa Myeke, mzaliwa wa Bunkeya, mji uliokuwa makao makuu ya Msiri, mtawala wa karne ya 19 ambaye asili yake ilikuwa upande wa Unyamwezi. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi. Santuri zilizotokana na kazi hiyo, hasa ile ya "Masanga", zilisambaa mbali nje ya Kongo, na vijana wengi wa Afrika Mashariki na Kusini wakajifunza gitaa kwa kuzisikiliza.

Mwenda alipiga gitaa kavu, na mkono wake wa kulia ulitumia vidole viwili: gumba na kidole cha shahada. Gumba lilitembea kwenye nyuzi nene, likiweka msingi wa mdundo. Kidole cha shahada kilicheza mahadhi kwenye nyuzi nyembamba. Anayejaribu kuipiga "Masanga" hugundua upesi kwamba ugumu wake si kasi. Kila kidole kina hesabu yake, na sikio la msikilizaji huvutwa huku na huku kati ya hesabu hizo mbili bila mpigaji kupoteza njia. Tena, Mwenda hakuwa mtu wa kurudia kifungu kama alivyokipiga mara ya kwanza. Alikirudia akiwa amekigeuza kidogo: noti moja imecheleweshwa, nyingine imeachwa. David Rycroft, aliyeunakili upigaji huo kwa noti na kuuchambua katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, aliuita upigaji wa papo kwa papo. Inafaa kukumbuka kwamba Rycroft alikuwa mtaalamu wa lugha za Kibantu. Mwanaisimu ndiye aliyeona kwamba gitaa hilo lilistahili kuandikwa kwa uangalifu ule ule unaopewa matamshi ya watu.

Yanayofuata kwa upande wa maneno ni haya. Katika shairi la kimapokeo, mshororo wa mizani 16 hujishikilia wenyewe. Mtunzi huhesabu silabi kwa sababu hana kitu kingine cha kuupa mshororo urefu wake. Katika wimbo wa Mwenda, urefu huo umekwisha kuwekwa na gumba kabla sauti haijaingia. Mwimbaji anaweza kusema maneno machache na kunyamaza, au kusema mengi kwa haraka, na mshororo hauanguki. Kiswahili cha Katanga, chenye mazoea ya mazungumzo ya kila siku, kiliweza kuimbwa kama kinavyosemwa, bila kubanwa katika lahaja na msamiati wa washairi wa pwani. Kwa hiyo, ubora wa Mwenda kwanza ni ubora wa mwenyeji: gitaa lake liliwapa nafasi wasemaji ambao kanuni za ushairi andishi hazikuwa zimewatandikia mkeka.

Kutoka gitaa kavu hadi jazibendi

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alifika Nairobi, mji uliokuwa kitovu cha kurekodi muziki katika Afrika Mashariki, na akaimba hata katika matangazo ya biashara. Huko tayari kulikuwa na wapiga gitaa mahiri. Fundi Konde, mzaliwa wa pwani ya Kenya aliyewahi kuwatumbuiza askari wakati wa Vita Kuu ya Pili, alikuwa miongoni mwa waliolizoesha sikio la eneo hili sauti ya gitaa la umeme. Wakati huo huo santuri za Kikuba na za bendi za Kongo zilikuwa zikifundisha mpangilio mwingine: magitaa kadhaa, ngoma, na wakati mwingine saksafoni au tarumbeta.

Mabadiliko hayo yaliigawa kazi ambayo Mwenda aliifanya peke yake. Kazi ya gumba ikaenda kwa gitaa la besi na gitaa la ridhim. Kazi ya kidole cha shahada ikaenda kwa gitaa la solo. Hapahitajiki kudai kwamba mpiga solo wa jazibendi alikuwa mwanafunzi wa Mwenda. Linalodaiwa ni kwamba swali lilibaki lile lile: nyuzi zifanye nini maneno yanapotamkwa, na zifanye nini yanapokoma?

Morogoro: solo inayojibu

Jibu lililo wazi zaidi lilitoka Morogoro, mji ambao ulikuwa umempa Salum Abdallah na Cuban Marimba yake nafasi ya kuchanua. Mbaraka Mwinshehe alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960 akawa mwimbaji, mtunzi na mpiga solo wake mkuu. Mwaka 1970 alikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, na mwaka 1973 aliunda Super Volcano. Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34.

Maneno ya Kiswahili kwa kawaida hubeba mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kauli huishia kwa kushuka. Mwimbaji akifika mwisho wa kauli, silabi ya mwisho hufifia na kuacha uwazi mdogo. Solo ya Mbaraka huishi katika uwazi huo. Haishindani na neno. Hulisubiri lishuke, kisha hulipokea na kulijibu kwa kifungu kifupi chenye urefu unaokaribiana na kauli iliyotangulia. Pale wimbo unapofikia sehemu ya kuchezwa, solo hupewa uwanja wake, lakini hata hapo huendelea kupumua kama msemaji: kifungu, kituo, kifungu. Katika wimbo kama "Shida", ambao neno lake kuu ni hilo la jina lake, msikilizaji husikia lalamiko likisemwa mara mbili, kwanza kwa kinywa, kisha kwa nyuzi. Mhakiki aliye na maneno peke yake ana nusu ya mazungumzo.

Gitaa na mjadala wa ushairi

Miaka ya Mbaraka ndiyo miaka ya mgogoro wa ushairi wa Kiswahili. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kilitoka mwaka 1974. Malenga wa Bara ya K. K. Kahigi na M. M. Mulokozi ilifuata mwaka 1976. Wanamapokeo walishikilia kwamba tungo isiyo na vina na mizani si shairi, na mojawapo ya hoja zao ilikuwa kwamba shairi la Kiswahili sharti liimbike. Ubishi huo uliendeshwa magazetini, vitabuni na vyuoni. Lakini katika kumbi za dansi na kwenye mawimbi ya redio, tungo zisizolingana mizani zilikuwa zikiimbwa kila siku, na watu walizishika kwa moyo. Kuimbika kwake hakukutokana na hesabu ya silabi bali na kifaa kilichoibeba hesabu hiyo kwa niaba yake.

Inaweza kupingwa kwamba hali hiyo si ya gitaa pekee, kwa kuwa taarab nayo ina ala. Tofauti yake ni hii: shairi la taarab mara nyingi humfikia mpiga ala likiwa limekamilika vina na mizani, na laweza kurudi kwenye karatasi bila kupoteza kiungo. Wimbo wa gitaa wa Mwenda au wa Mbaraka ulizaliwa pamoja na nyuzi. Ukizitoa, umetoa mizani.

Hitimisho

Kipimo cha ubingwa wa wapiga gitaa hawa, basi, kimo katika uhusiano wa nyuzi na lugha: Mwenda aliyeyatengenezea maneno njia ya kupita, na Mbaraka aliyejua lini ayaache na lini ayajibu. Kasi na wingi wa noti havitoshi kuueleza. Hilo lina matokeo kwa mbinu za utafiti. Unakili wa wimbo wa dansi unapaswa angalau kuonyesha mahali sauti inaponyamaza, urefu wa kimya hicho, na ala inayokijaza. Kazi hiyo hutegemea sauti iliyorekodiwa, na sehemu kubwa ya sauti hiyo imo katika santuri kuukuu na kanda za redio ambazo huchakaa kila mwaka. Kitabu cha maneno ya nyimbo kinaweza kuchapwa upya wakati wowote. Kanda ikishafutika, kinachobaki ni mishororo inayochechemea, na kizazi kijacho cha wahakiki hakitakuwa na njia ya kujua kwamba iliwahi kutembea vizuri.