Taa ya Cheki Injini Ilitoka Wapi?

Wengi wetu chamani tunaendesha magari yaliyokwisha tumika, na taa ya cheki injini si mgeni kwetu. Mwenzetu mmoja alibadilishiwa kihisi cha oksijeni kwa pesa nyingi. Baada ya siku chache taa ikawaka tena. Kosa lilikuwa mpira wa hewa uliopasuka. Ndipo tukajiuliza: taa hii, na soketi iliyo chini ya usukani, vilitoka wapi, na vinatuambia nini hasa?

Historia yake haianzii gereji, inaanzia hewani. Miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu uliowawasha macho wakazi wa Los Angeles ulitokana na moshi wa magari na wa viwanda vya mafuta, ukipigwa na jua. Mwaka 1966 California iliweka viwango vya moshi wa magari, na mwaka 1970 Marekani nzima ikapata Sheria ya Hewa Safi yenye makali.

Kabureta ikaanza kushindwa. Volkswagen 1600 ya mwaka 1968 iliyouzwa hapa Marekani ilikuwa na mfumo wa Bosch uitwao D-Jetronic: kisanduku cha elektroniki kilichopokea habari za hewa na joto, kisha kikaamua nozeli zimwage petroli kiasi gani. Volvo za mwaka 1977 zilizouzwa California zikaongezewa kihisi cha oksijeni kwenye njia ya moshi.

Tatizo ni kwamba kila kampuni ilikuwa na soketi yake na namba zake. Kwenye magari ya General Motors ya miaka ya 1980, fundi aliunganisha matundu mawili ya soketi kwa kipande cha waya, akahesabu taa inavyomweka: mara moja, kimya, mara tatu. Hiyo ni 13, saketi ya kihisi cha oksijeni. Akihamia gari la kampuni nyingine, alianza kujifunza upya.

Mfumo wa OBD-II ulimaliza fujo hiyo. Kuanzia magari ya mwaka 1996, kila gari dogo jipya lililouzwa Marekani lilipaswa kuwa na soketi ya pini 16 na namba za makosa zinazofanana. Shabaha ya sheria ilikuwa kuulinda moshi, lakini mafundi wakapata lugha moja. Hata hivyo, kampuni ziliendelea kuficha mengine, hadi wapiga kura wa Massachusetts walipopitisha mwaka 2012 sheria ya haki ya kutengeneza.

Lakini kusoma namba si kupima. P0171 husema tu kwamba hewa imeizidi petroli. Haisemi kihisi kimekufa. Kihisi cha zirkonia cha kawaida kikishapata moto, mita huonyesha volti zikipanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9. Zikibaki chini, fundi huongeza mafuta kidogo kwenye hewa inayoingia. Zikipanda, kihisi ni kizima na kinasema kweli: atafute hewa inapopenyea.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu si mvua. Haki ya kuisoma namba ilipatikana kwa sheria na kura. Tukiishia kwenye namba bila kudai kipimo, tutaendelea kununua vihisi vizima.